Tiki za Jumapili

Kule kiwandani walikofua mashuka ya hospitali na mahoteli, wenzake walimwita Mama Rula, na jina likamkaa. Mwanamke yule hata orodha ya nyanya na vitunguu asingeiandika bila kuipigia mstari kwanza. Bintiye alipopatikana na kifafa, akiwa na miaka saba, Mama Rula alilia kama mzazi yeyote, kisha akajifuta machozi akaenda kununua kaunta buku.

Alilivika karatasi ya kaki na juu yake nailoni. Alishonea utepe wa kuonyesha alipofika, akabandika bahasha kwenye jalada la nyuma kwa ajili ya kadi ya kliniki. Vipande vya plasta akavigeuza masikio ya kurasa: usingizi, kuanguka, dawa. Kila wiki ilipata ukurasa wake, na kila siku vyumba viwili, kidonge cha asubuhi na kidonge cha saa mbili usiku. Sheria ya nyumba ilikuwa moja tu: anayempa mtoto dawa ndiye anayetia tiki. Mtoto akakaa miezi tisa bila kuanguka.

Halafu, kama wiki sita zilizopita, yakaanza upya. Alianguka jikoni, akaanguka darasani, na mara ya tatu akavunjika jino la mbele. Mama Rula alizima televisheni mapema, akamtoa kwenye timu ya netiboli ya shule. Mtoto aliuliza amekosa nini. Mama yake akamwambia hajakosa kitu, ni mwili wake tu unazidi kuchoka.

Siku ya kliniki waliingia watatu: mtoto, Mama Rula na mama mkwe wake, aliyeishi nao na ambaye ulimi wake haukujua likizo. Daktari, mwanamke kijana mwenye miwani, alifungua kurasa polepole, na Mama Rula akavimba kichwa kidogo. Tusimlaumu. Sifa hazipatikani kwa urahisi katika vyumba vile.

"Mama, tangu nianze kazi sijaona daftari kama hili," daktari akasema. "Hajakosa kidonge hata kimoja. Basi ni dawa yenyewe imeshindwa. Itabidi tuongeze ya pili."

"Hiyo ikoje?"

"Ni kali. Atakuwa mzito, atasinzia darasani, na kila mwezi tutamtoa damu tuangalie ini. Nisingependa kumpa mtoto wa umri huu. Lakini kwa tiki hizi, sina njia nyingine." Akaanza kuandika.

Mama mkwe aliona sifa zinapita bila yeye kuonja. "Daktari, daftari hilo ndilo mkuu wa nyumba yetu," akasema. "Mimi mtu mzima, nasahau. Usiku nikitaka kumpa mjukuu wangu kidonge, nalifungua kwanza. Nikikuta tiki, najua baba yake keshampa, namwacha alale."

Mama Rula aliganda pale kitini. Wiki sita zile zile ndizo alizohamishiwa zamu ya mchana, na kurudi kwake ikawa saa nne usiku. Dawa ya usiku ikabaki mikononi mwa mume na mkwe. Mume alitia tiki kwa penseli, mkwe alitia tiki kubwa zilizoruka mpaka siku ya pili, na ukurasa ukawa kama umepitiwa na kuku. Hilo Mama Rula hakulivumilia. Kila Jumapili alichukua rula na kalamu ya kijani, akatia kabisa tiki za usiku za wiki nzima inayokuja, zote zimesimama sawasawa. Watampa tu, alijiambia, watu wazima wawili wapo nyumbani. Sasa aliona jinsi ilivyokuwa: bibi akikuta tiki anadhani ni baba, na baba, mtu wa maneno machache, akikuta tiki anadhani ni bibi.

Kalamu ya daktari iliendelea kukwaruza karatasi. Mama Rula angeweza kunyamaza, na hilo alilijua vizuri mno. Angeomba kurudishwa zamu ya asubuhi, angempa mtoto kidonge kwa mkono wake kila usiku, na hakuna mtu duniani angejua. Ila mtoto angekuwa anameza na ile nyingine, kali, na kutolewa damu kila mwezi kwa ajili ya ukurasa msafi. Daktari alichana cheti akamnyooshea. Mtoto alikuwa akipitisha ulimi kwenye pengo la jino.

"Usimpe," Mama Rula akasema. Akakisukuma cheti kirudi mezani. "Usimpe, daktari. Tiki za usiku si za kweli. Nilizitia mimi mapema, kabla hajapewa dawa."

Daktari hakugomba. Aliuliza kama ana dawa zilizobaki. Mama Rula akatoa kopo mkobani. Alikuwa ameona vidonge vinabaki, akafikiri kwenye dirisha la dawa walimzidishia. Daktari alivimimina kwenye karatasi, akavihesabu kwa ncha ya kalamu, viwili viwili.

"Ishirini na sita," akasema. "Vya mwezi huu vilitakiwa viwe vimekwisha jana." Akakichana kile cheti vipande viwili.

Mama mkwe akasema chini chini, "Mimi nilikuwa naona tiki, mwanangu."

"Uliona sawa, mama. Kosa si lako."

Mtoto aliwatazama mmoja mmoja. "Kwa hiyo si mwili wangu?"

Daktari angeweza kulijibu swali hilo vizuri zaidi, lakini alimwachia mama mwenyewe.

"Si mwili wako," Mama Rula akasema. "Hukuwa unapata dawa yako. Ni mimi niliyekosea."

"Naweza kurudi netiboli?"

"Tukikaa sawa na dawa, utarudi."

Mtoto alifikiri kidogo. "Nafasi yangu wameshampa mwingine," akasema, bila hasira.

"Najua," mama yake akasema, na akalia pale pale mbele ya daktari na mkwe wake, mkono wa mtoto ukiwa mkononi mwake.