Bibi Aliyeota Moto Shimoni Aroi

Najua mtasema nilikuwa nimelewa. Mimi ni Mwislamu wa Koboko, mtoto wa mwanajeshi, na asubuhi ile hata chai nilikuwa sijanywa. Haya yalinipata mimi mwenyewe.

Tulikuwa Aroi, tunachimba shimo la kupimia mwamba. Wakubwa walitaka kujua kama panafaa kujengwa mtambo wa umeme wa nyuklia chini ya ardhi, mtambo mzima, mwamba wenyewe uwe ukuta wake. Wenyeji walituonya jambo moja tu: shimo lisilale tupu. Kwao kaburi likichimbwa na maiti haijafika, mgomba hulazwa ndani, la sivyo shimo litajitafutia mtu. Tukacheka. Hili si kaburi, tukawaambia, tukaenda zetu mjini kulala.

Kulipokucha nikatangulia kushuka ngazi. Chini kulikuwa giza, na humo gizani bibi mmoja amechuchumaa, kaelekeza viganja mwambani, anaota moto. Moto gani? Hapakuwa na hata cheche!

"Shimo yenu ililala bila mutu," akasema bila kugeuka.

Wallahi! Nikajua mtu mwenyewe ni mimi. Nikawafikiria wanangu.

"Mama, umekuja kunichukua?"

Akacheka, tena kwa raha. "Kufa ya nini? Moto iko nakuja hapa, mukubwa sana. Mimi nasikia joto yake. Lakini nani atakaa na yeye? Nyinyi watu ya kuchimba, nachimba, naenda."

Mnajua nilijibu nini? "Mimi nitakaa." Maneno yalitoka wapi, sijui. Akanishika mkono, akaubandika mwambani. Niaminini, mwamba ulikuwa na joto kama chungu kilichoepuliwa sasa hivi. Nilipogeuka, nilikuwa peke yangu.

Mtambo bado haujajengwa. Huenda wajukuu wangu ndio watakaouona. Lakini mimi sikurudi Koboko. Nimejenga hapa Aroi, na binti yangu anasoma fizikia ili anipokee zamu. Kiganja hiki hakijapoa mpaka leo. Mvua ikinyesha watoto wa jirani hukigombania wapate kuota joto, na mimi nafurahi sana.

Basi wewe unayekuja na mashine zako kuchimba, sikiliza. Ukiulizwa nani atakaa, usijibu kwa mzaha. Utakaa kweli.