Zaituni Akello Ndiye Aliyemchora Yule Kaloli

Siamini bado. Leo asubuhi nimefika lindoni nikamimina chai vikombe viwili, kama kawaida yetu, halafu nikabaki naviangalia.

Zaituni Akello, mwenzangu wa getini, hayupo tena. Bodaboda ilimgonga juzi akivuka barabara kule Kyebando, amevaa yunifomu, anakuja kazini. Tumemzika jana.

Kwa wasiomjua: alikuwa askari wa kampuni ya ulinzi kama mimi, tukilinda jengo moja la ofisi huku Luzira. Binti wa kambi ya polisi, baba Mkristo wa kaskazini, mama Mwislamu, na Kiswahili chake cha kambini hakikuogopa mtu. Ila ukimuuliza yeye ni nani, atakwambia ni mchoraji.

Alichora kwenye Occurrence Book, OB yetu, jamani! Kile kitabu cha kuandika nani kaingia na nini kimetokea. Unafungua usome ripoti ya asubuhi, unakutana na kaloli, yule korongo mkubwa mwenye upara, amesimama juu ya pipa la taka.

Wale ndege kila mtu hapa Kampala anawafukuza. Zai aliwapenda. "Afande, angalia huyu muzuri. Iko kama meja mustaafu." Nilicheka hadi gari likapiga honi nje ya geti.

Rangi za dukani hakuwa nazo. Alitumia mkaa wa muuza mahindi, majani ya chai, udongo mwekundu wa kando ya barabara. Akiwa off alikwenda Ggaba kuangalia maji ya ziwa tu, akirudi ananigombeza: "Nani aliambia nyinyi maji ni bluu?"

Alikuwa na kitabu cha historia ya sanaa, kimechakaa, jalada hakina. Humo alisoma habari za watu wa kale waliochora miduara kwenye miamba huko mashariki. "Walichora muzuri, afande, lakini leo hakuna mutu anajua jina yao. Mimi, watajua jina yangu."

Sasa niseme linaloniuma.

Mwezi uliopita madam wa ghorofa ya pili alipita getini akakuta OB iko wazi. "Nani amechora huyu ndege?" Zai alikuwa off. Alishapewa warning letter mbili kwa michoro hiyo, na ya tatu ni kufukuzwa. Nikajibu haraka, "Sijui, madam."

"Bahati mbaya," akasema. "Nilitaka anichoree ukuta wa reception."

Banange! Nikaona aibu kugeuza maneno, akaondoka.

Kesho yake nilimwambia Zai. Akaikoroga chai ambayo hakuwa ameitia sukari. "Si ungesema tu jina yangu, afande."

Nikaahidi kwenda kumweleza madam. Wiki ikaisha, na nyingine ikaisha. Zai hakuniuliza tena.

Leo nimepanda na OB hadi ghorofa ya pili. Ukuta bado mweupe. Nimesema, "Madam, yule ndege alichorwa na Zaituni Akello. Nilijua tangu siku ile."

Akafurahi sana. "Mwambie aje Jumatatu."

Nimelia mbele ya watu, mimi mzee mzima.

Kurasa zote nimezipiga picha, ziko hapa. Ndugu zangu, msiniandikie RIP tupu kwenye comments. Andikeni jina lake lote.

Nisamehe, Zai, nimechelewa kulitaja. Lala salama, mwenzangu. Lindo nimelipokea.