Shingo ya Mama Mkwe na Kanga Kwenye Kamba

Siku ninayokusimulia, mwanangu, naikumbuka mpaka maua ya kanga zilizokuwa zimeanikwa. Ilikuwa hapa hapa Itaka, msimu wa kuchuma kahawa, mwaka wa tatu tangu niolewe na Elia. Shule yangu iliishia darasa la nne, kwa hiyo ukiona herufi zimepinda nivumilie. Majina ya watu lakini sisahau.

Mama mkwe wangu aliitwa Yunisi. Alikuwa mrefu, mtu wa maneno machache, na alichuma kahawa kwa mikono yote miwili kwa pamoja, huku akiimba. Msimu ule akaanza kusema shingo inamkaza. Sasa nani hapa Mbozi asiyekazwa shingo? Tangu utotoni tumebeba kichwani maji, kuni na magunia ya mahindi. Tukasema ni mizigo. Na yeye mwenyewe akasema ni mizigo.

Mimi nilikuwa na sifa ya kukanda. Mama yangu mzazi alinifundisha, na wanawake walikuwa wakinifuata baada ya ibada wakishika mabega. Jirani yetu Esta alikuwa akiniambia, "Mke wa Elia, wewe hata ukiacha jembe, hivyo vidole vitakulisha." Nami kichwa kilivimba. Basi kila jioni nikawa nachemsha maji ya chumvi, namkanda mama, kisha nashika kichwa chake kwa mikono miwili, nakivuta na kukizungusha mpaka shingo ilie. Ikilia nafurahi. Naye ananishukuru, maana alikuwa mtu wa kushukuru.

Lakini shingo haikupoa. Siku moja tulipokuwa tunachambua kahawa nikaona kikapu chake kimejaa matunda mabichi na majani, mekundu ya kuhesabu. Nikacheka, nikamwambia, "Mama, leo umemchumia mbuzi?" Naye akacheka. Halafu akavitazama vidole vyake, akavifumba na kuvifumbua. Nilikiona kitendo kile kwa macho yangu, nikaendelea kuchambua.

Baada ya hapo kikombe kikawa kinamponyoka. Nikawa mimi ndiye namfunga kilemba. Shambani miguu yake ilikuwa inaburuta, inajikwaa hata mahali pasipo na mzizi. Gauni lake la kanisani likawa limemlegea, na mchana mwili unapata moto halafu jasho linamtoka. Hakuwa anakohoa hata kidogo, ndiyo maana hakuna aliyefikiria ugonjwa. Tulisema uzee umeingia kwa kasi.

Kisha zikaja zile kanga. Asubuhi naamka, nakuta kanga imefuliwa na kuanikwa kabla kuku hawajatoka bandani. Siku ya pili tena. Siku ya tatu zilikuwa tatu kwenye kamba. Mwanangu, nilielewa. Mtu mzima hafui kanga zake alfajiri kila siku bure. Lakini kwetu mkwe hamuulizi mkwe wake jambo la haja ndogo. Unaona, unageuza uso, ndiyo adabu yako. Nami niligeuza uso, na nilijiona mke mwenye malezi mema.

Siku hiyo hiyo ya kanga tatu akafika mdogo wake mama mkwe, Enala, kutoka Tunduma na samaki wake wakavu. Alikuwa akifanya biashara na watu wa ng'ambo ya mpaka hadi maneno ya Kibemba yakawa yake. Hakukaa. Alisimama mbele ya kamba.

"Hizi kanga za nani?"

"Za mama."

"Yunisi sijamwona akifua alfajiri tangu tuzaliwe. Kuna nini hapa?"

Nikatazama chini. "Mama mdogo, mimi ni mkwe."

"Nimekuuliza kanga, sijakuuliza ukwe."

Akaingia ndani kwa dada yake. Mimi nikabaki nje na beseni langu la maji ya moto, maana nilikuwa nimejipanga nimkande mapema siku ile. Nikawasikia wananong'ona, kisha sauti ya mama mkwe ikapanda kidogo: "Ningemwambiaje mtoto wa watu kwamba najikojolea?" Sijawahi kusikia maneno yaliyonichoma kama yale. Alikuwa ananistahi mimi, nami namstahi yeye, na katikati yetu ugonjwa ulikuwa umekaa kitako unakula.

Enala akaniita. Alikuwa amemwambia dada yake afunge vifungo vya sweta, na vidole vilikuwa vinakitafuta kitundu kama vimefungwa kitambaa. Akaniuliza nimekuwa nikifanya nini na shingo ile. Nikamwambia, tena kwa majivuno kidogo, na nikasogeza beseni.

"Awe," alisema, ndivyo Wabemba wanavyosema hapana. "Weka chini. Mikono yako ni mizuri, binti, lakini haina macho. Unavuta usichokiona. Na hiyo adabu yako, kama ulishindwa kumuuliza yeye, Elia humjui? Mimi hunijui? Ungeshindwa kunitumia salamu kwamba dada yangu anafua alfajiri? Ningeelewa."

Hakunigombeza kwa kelele. Alisema hayo huku anakunja mablanketi.

Siku ile kulikuwa na lori la kupeleka kahawa mjini. Tulimlaza mama juu ya magunia, blanketi moja lililokunjwa kila upande wa kichwa ili shingo isiyumbe. Dereva, Yoramu, alikuwa mtu wa utani. Akauliza, "Abiria gani huyu amepakiwa kama trei la mayai?" Mama mkwe akamjibu kutoka kule juu, "Mayai yenyewe ya zamani, baba. Wewe endesha taratibu." Tukacheka wote, na mimi nikalia humo humo kwenye kicheko.

Hospitalini walimpiga picha. Daktari alisema ni kifua kikuu, kimeingia kwenye mifupa ya shingo, na mfupa ulioliwa unaubana uti wa mgongo, ndiko zinakopita nguvu za mikono, miguu na mkojo. Mimi nilikuwa sijui kwamba kifua kikuu kinaweza kukaa mahali pengine zaidi ya kifuani. Kisha akauliza nani alikuwa anaivuta shingo. Nikanyoosha kidole kama mwanafunzi.

"Usirudie," alisema. "Shingo hii ingeweza kuvunjika mikononi mwako. Lakini mmemleta. Mngemwacha zaidi, huenda asingetembea tena. Sasa tutajaribu."

Walimfunga kola ngumu, wakamlaza, wakamwanzishia sindano na vidonge vya miezi mingi. Nilikaa naye. Nilimwogesha, nikambadilisha nguo, na ule ukwe wetu tukauweka kando bila hata kuagana nao. Ya kwanza kurudi ilikuwa nguvu ya kuzuia mkojo. Asubuhi moja aliniambia "Leo pakavu," tukashikana mikono kama watu waliofaulu mtihani. Miguu ikafuata. Vidole vilichelewa.

Msimu uliofuata niko shambani nikasikia ananiita. Alikuwa amekaa kando ya mbuni, kikapu mapajani, matunda yote mekundu, hakuna hata jani moja.

"Njoo uone," akasema. "Mbuzi wako leo analala njaa."

Aliishi miaka mingi baada ya hapo, amewapakata wanangu wote watano.

Sasa mimi ndiye mzee. Juzi juzi, tukianza kuvuna mahindi, shingo yangu nayo ikakaza. Nikamwita Upendo, mke wa mwanangu, nikamwambia wazi inauma wapi, vidole vinafanya kazi, miguu inafanya kazi, na haja zote ziko sawa. Aliona aibu kidogo, masikini, lakini akasikiliza. Wiki tatu zilipopita bila nafuu akanipeleka zahanati. Mganga akanishika, akanigeuza taratibu, akanitembeza, akasema ni misuli na mifupa kuchakaa tu. Dawa ya maumivu, mazoezi, na mto wangu mnene wa kulalia nikaambiwa niugawe. Tulirudi tunacheka njia nzima.

Kwa hiyo, mwanangu, si kila shingo ni ya hospitali. Nyingi ni uchovu, na siku chache zinazitosha. Lakini mzee wako akianguka, hata kidogo tu, kisha shingo ikamuuma, usiivute wala kuikanda, mtulize, mpeleke. Vidole vikipoteza kazi au kufa ganzi, miguu ikiyumba, mkojo au choo kikimtoka bila kujua au kikigoma kutoka, usingoje kesho. Vivyo hivyo akiwa na homa na kichwa kinauma na shingo haiinami, au maumivu yakishuka kwenye mkono au taya huku kifua kinabana na jasho linamtoka, maana huo unaweza kuwa moyo. Na akikonda bila sababu, akitokwa jasho, maumivu yakimnyima usingizi, au aliwahi kuugua saratani, mpeleke mapema hata kama anasema ni mizigo. Atasema ni mizigo. Sisi wazee wote tunasema hivyo.

Na zaidi ya yote, muulize. Ukishindwa kumuuliza, mtafute Enala wako amuulize.

Mungu akupe macho ya kuona kinachoanikwa kwenye kamba ya nyumba yako, na mdomo wa kukisema kwa upole. Wazee wako wachume mekundu mpaka msimu wao wa mwisho, na wewe uje uzeeke ukiwa na mtu wa kukuuliza.