Orodha ya Langoni

Watu wakiniuliza kama wajiunge na chama cha wafanyakazi, nawajibu papo hapo: jiungeni, mnangoja nini? Halafu nanyamaza, kwa sababu kuna jambo moja ambalo nikilikumbuka bado linanichoma.

Nilikuwa mpakiaji katika kiwanda cha biskuti, upande wa viwandani. Nilipojifungua mtoto wangu wa pili, supavaiza alinitumia ujumbe kwamba nafasi yangu imepata mtu. Hivyo tu, kama mtu anayekwambia duka limefungwa. Nililia siku mbili. Siku ya tatu mwakilishi wetu wa chama, mama mmoja wa Pumwani asiyejua kunong'ona, akajitanda buibui lake, akaingia kwa meneja bila kubisha, akavuta kiti na kukaa kabla hajakaribishwa. Sijui walisemezana nini. Najua alitoka na barua ya kunirudisha kazini, na likizo yangu ya uzazi yote. "Nyamaza, mwanangu," aliniambia, "kamnyonyeshe mtoto." Mpaka leo nikimwona barabarani navuka nimwamkie.

Kwa hiyo usiniambie chama hakina faida, tutakosana. Lakini pia usinidanganye kwamba ni asali tupu. Ada inakatwa kabla hujauona mshahara wako. Wakubwa wa makao makuu unawaona msimu wa uchaguzi, wanakuja na fulana na kreti za soda, wakishapita hata simu hawashiki. Na chama kikishasema jambo, wewe mwanachama umelisema, upende usipende.

Yule mama alipostaafu, nilichaguliwa mimi. Jirani yangu alicheka mpaka akakaa chini. "Mheshimiwa wetu! Na vile hujui kunyamaza!" Tangu siku hiyo nikawa mheshimiwa.

Huyu jirani ndiye rafiki niliyekuwa naye Nairobi. Yeye kwao ni Magharibi, mimi kwetu ni Ukambani. Tuliishi ploti moja mtaani Umoja, milango yetu ikitazamana. Akipika mboga za kienyeji, bakuli moja lilikuwa langu bila kuulizwa. Tulianza kazi mwaka mmoja kiwandani. Mimi nikabahatika kuwa pamanenti, yeye akabaki kibarua. Kila akikaribia kustahili kuandikwa kazi, wanamwambia apumzike kidogo, kisha wanamwita upya kana kwamba wamemjua jana tu.

Vibarua walichaguliwa langoni. Saa kumi na mbili asubuhi wamejaa pale nje, supavaiza anatoka na kikombe chake cha chai, ananyoosha kidole. Wewe. Wewe. Wewe wa skafu ya manjano. Wanawake walikuwa wakivaa skafu za rangi kali ili waonekane, na nimeshawahi kuwaona wawili wakigombania nyekundu moja. Wengine walionekana kwa njia nyingine, na hizo sitaziandika hapa. Rafiki yangu hakuhitaji skafu. Mikono yake ilikuwa myepesi kwenye mashine kuliko ya sisi sote, na supavaiza, pamoja na uovu wake wote, alilijua hilo.

Nilichukia kile kidole. Nilikipigia kelele mwaka mzima, mkutano baada ya mkutano, mpaka kampuni ikakubali: kusiwe na kuchagua tena. Kuwe na orodha. Kila kibarua apewe namba, nafasi zikitokea aitwe wa juu kwanza, na anayeitwa apewe karatasi ya miezi sita, si kazi ya siku moja. Ukiitwa mara tatu asubuhi ile ile usipoitika, unakatwa. Siku tulipotia sahihi, wanawake waliniinua juu. Mimi, na uzito huu!

Tuliandikisha Jumamosi, pale pale nje ya lango. Nilikuwa na meza, daftari na kalamu mbili. Mambo yalikwenda vizuri mpaka mama mmoja akafika mezani, akataja jina lake, halafu akaongeza ya dada zake watatu. "Wako wapi?" nikamuuliza. "Wako nyumbani, watakuja." Nyuma yake mwingine naye ana shemeji yake. Mwingine ana mtoto wa shangazi ambaye bado yuko shule. Ala! Damu ikanipanda. Nikasimama juu ya kiti, nikapaza sauti: "Asiyesimama hapa kwa miguu yake mwenyewe haandikwi! Hakuna kumwandikia mtu!" Wakapiga makofi na vigelegele. Nikashuka nimejaa kiburi, nikashika kalamu.

Ndipo nikakumbuka. Rafiki yangu alikuwa ameondoka Alhamisi kwenda kumzika mama yake. Mimi mwenyewe nilimsindikiza mpaka kwenye basi, nikambebea blanketi. Ufunguo wa nyumba yake ulikuwa mfukoni mwangu saa ile ile.

Ningeweza kupanda tena juu ya kile kiti. Ningesema, jamani, nimekosea, kuna waliofiwa. Maneno yenyewe si hata kumi. Lakini makofi yalikuwa bado masikioni, na niliona haya kujirudi mbele ya watu wote wale. Nikajiambia nitarekebisha baadaye. Nikaandika namba inayofuata.

Alirudi baada ya wiki moja, kichwa kimenyolewa kwa ajili ya msiba. Jumatatu akaenda langoni kama kawaida, hajui lolote, maana jana yake nilimpa ufunguo nikashindwa kumwambia. Alipewa namba mia moja na arobaini na moja, ya mwisho kabisa. Siku hiyo waliitwa arobaini.

Jioni alisimama mlangoni pangu, hakuingia.

"Wanasema ni wewe uliyesema."

"Ni mimi."

"Ulijua niko wapi."

"Nilijua. Nilisahau, halafu nikakumbuka, halafu..."

"Yule shetani alikuwa akinichagua kwa sababu anaijua mikono yangu," alisema polepole. "Wewe unajua mpaka jina la mama yangu." Akageuka, akafunga mlango wake. Bila kazi ile alikuwa na kodi ya mwezi mmoja tu mkononi, baada ya hapo ni kurudi kijijini, kwenye boma ambalo sasa halikuwa na mama.

Sikulala vizuri wiki ile. Nilimwendea katibu wa tawi, akaniambia orodha ni orodha, na tukiigusa mara moja kampuni itasema sisi wenyewe hatuitaki. Kwa hiyo nikaitisha mkutano wa vibarua. Nikakiri kosa langu mbele yao, nikaomba waliokuwa matangani siku ile wasogezwe juu. Kisha msichana mmoja, namba kama sabini hivi, akasimama. "Sasa mathe," akasema, wala hakuwa na dharau, "supa alikuwa anachagua sura. Wewe unataka kuchagua rafiki. Tofauti ni gani?"

Rafiki yangu alikuwa ameketi nyuma, na ndiye aliyejibu. "Kaa chini, mheshimiwa," akasema. "Ana haki huyo." Akajifunga leso yake, akatoka.

Mwisho wa mwezi alihamia chumba cha bei nafuu Pumwani. Nikasikia anauza nyanya soko la Muthurwa. Hatukusalimiana karibu mwaka. Nilikuwa nikipika chapati, nahesabu na zake, halafu nakumbuka. Na orodha, niseme ukweli wangu, ilifanya kazi. Skafu zilipotea langoni. Yule msichana wa namba sabini aliitwa, baadaye akawa pamanenti, na hakuna mwanaume aliyemgusa ili apate kile alichokuwa anastahili.

Kisha ikafika mia moja na arobaini na moja. Nilimtumia ujumbe siku moja kabla, hakujibu. Asubuhi nikaomba niite mimi mwenyewe. Nikaita jina lake. Nikaita tena. Mara ya tatu niliita kwa nguvu mpaka askari wa lango akaniangalia. Hakuna aliyeitika. Nikamkata kwa mkono wangu.

Baada ya kazi nikashuka Muthurwa. Nilimkuta nyuma ya lundo la nyanya, amenenepa kidogo, nywele zimeota. Pembeni yake palikuwa na nafasi tupu, imefunikwa gunia. Kabla sijafungua mdomo, mwanamke mmoja akaja na ndoo ya vitunguu, akaanza kuvuta lile gunia atandaze vyake. Rafiki yangu akaruka kama aliyemwagiwa maji ya moto.

"Ng'o! Toa mkono! Hapo pana mwenyewe, amekwenda kumzika baba yake."

"Lakini leo hayupo," yule mwanamke akasema.

"Ndiyo maana niko mimi."

Yule mwanamke akaondoka akinung'unika. Rafiki yangu akalinyoosha lile gunia vizuri, pembe zote nne, kisha akaniona. Nilitaka kumwambia pole, neno ambalo mwaka mzima sikuwa nimemwambia. Nikalisema. Akachukua mfuko, akaanza kunichagulia nyanya, zile ngumu ninazopenda mimi.

"Uliniita leo?" akauliza.

"Mara tatu."

"Vizuri," akasema. "Nilitaka usikie vile inavyokuwa, mtu akiitwa na hayupo."