Shati la Mkono Mmoja

Jambo la kwanza ambalo mtu huliona kwa fundi huyu ni kwamba mkono wake wa kulia umefungwa. Ukiingia dukani mwake asubuhi, kabla wateja hawajaanza kumiminika, utamkuta mbele ya kioo kirefu, mkono umekazwa kiunoni kwa utepe wa kupimia nguo, naye anahangaika kuvaa shati kwa mkono wa kushoto. Utadhani amevunjika. Wageni humpa pole, naye huzipokea kwa heshima zote, kisha huendelea na kazi.

"Sekunde arobaini na moja," mdogo wake humsomea kutoka kwenye simu. "Jana zilikuwa arobaini. Unazeeka, Dada."

Cheti kilichotundikwa ukutani kinasema yeye ni mbunifu wa mavazi, lakini wateja wote humwita Fundi. Yeye huchora na kushona. Mdogo wake hukata vitambaa na kuwatania wateja. Kinachowalisha ni mashati ya ofisini na sare za shule. Ila kwa miaka mitatu sasa Fundi amekuwa akibuni pia nguo za watu ambao vifungo vimewashinda: waliopooza mkono, waliokatwa vidole na mashine, wazee wanaotetemeka. Vifungo vya mashati hayo ni pambo tu. Chini ya kila kimoja imefichwa sumaku ndogo inayojibana yenyewe kwa mlio hafifu, ti! Nayo mashati hayo hayatundikwi peke yake. Yanakaa mstari mmoja na yale ya kawaida, rangi zile zile, kola zile zile, kwa sababu mteja wa kwanza kabisa alilirudisha la kwake akasema, "Fundi, linafunga vizuri, lakini linanuka hospitali." Hakuwa na maana ya harufu.

Jumatatu moja aliingia dukani mke wa Mwalimu. Huyu Mwalimu ni wa hesabu, katika shule iliyo ng'ambo ya barabara, na aliwafundisha dada wote wawili. Fundi aliwahi kunyang'anywa sindano katika kipindi chake. Kiharusi kilikuwa kimemwangusha Mwalimu miezi kumi nyuma. Mguu ulikuwa umerudi, anatembea kwa fimbo. Maneno yalikuwa yamerudi yote, na ukali juu yake. Mkono wa kulia haukurudi.

"Likizo yake ya ugonjwa inaisha," yule mama alisema. "Jumatatu ijayo asipoonekana darasani, wanamstaafisha. Barua imeandikwa hivyo."

"Si aende, Mama? Akili si anazo?" aliuliza mdogo mtu.

"Akili anazo za kutugawia sisi wote. Shida ni shati. Mimi naingia kiwanda cha mikate saa kumi alfajiri. Nikamwambia, basi nikuvalishe kabla sijatoka, ulale nalo. Unajua amenijibu nini? 'Mimi si mto, nivishwe foronya.'"

Walicheka wote watatu, kisha kicheko kikakatika, maana yule mama macho yalikuwa yamemjaa maji.

"Mama, usijali," Fundi alisema. "Nitamshonea shati litakalojivaa lenyewe."

Alhamisi jioni dada hao walikuwa sebuleni kwa Mwalimu na shati la rangi ya samawati. Mwalimu alilipokea kwa mkono wa kushoto, akaingia nalo chumbani na kufunga mlango. Dakika tano zikapita. Kumi. Fimbo ikasikika ikianguka sakafuni. Mlango ulipofunguliwa, shati lilikuwa linaning'inia upande mmoja. Mkono wake mgonjwa, uliokunjika kiwikoni na kukaza ngumi, ulikuwa umenasa katikati ya mkono wa shati kama gunia lililokwama mlangoni.

"Vifungo ni vizuri sana," Mwalimu alisema polepole. "Tatizo ni kwamba sikuvifikia." Akageuka kwa mkewe. "Waambie shuleni watie saini barua yao."

Walirudi kwa miguu hadi karibu na duka.

"Lakini sisi tunatumia sekunde arobaini!" mdogo mtu alilipuka.

Fundi akasimama katikati ya njia. "Tunapopima, mkono wangu wa kulia unakuwa wapi?"

"Kiunoni."

"Na mkono wa shati?"

Kwa miaka mitatu, kila asubuhi, mkono ule wa shati ulikuwa ukining'inia mtupu. Fundi alikuwa amepima hali ya kukosa mkono, si hali ya kuwa nao mgonjwa. Wateja waliopooza walikuwa na jamaa wa kuwasaidia sehemu hiyo, na kwa adabu yao hakuna aliyelalamika.

"Kitanda usichokilalia..." mdogo wake alianza.

"Malizia kimoyomoyo."

Ijumaa Fundi alirudi kwa Mwalimu bila kitambaa wala mkasi, ana daftari tu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umekuja kuomba radhi au kufanya masahihisho?"

"Masahihisho."

"Basi kaa."

Mkono ambao siku zote aliuficha chini ya mto wa kiti, Mwalimu aliutoa, akauweka mezani baina yao, akaanza kuufundisha kama umbo lililochorwa ubaoni. "Kanuni ya kwanza: mkono mgonjwa huvaa mwanzo, mzima hufuata. Ya pili: mkono mgonjwa hausukumwi, hulazwa. Wewe umeniletea bomba, binti yangu. Mimi siwezi kuupitisha mkono huu kwenye bomba. Naweza kuulaza mahali."

Fundi aliandika "hulazwa", akapigia mstari mara mbili.

Jumamosi duka lilifungwa kwa wateja. Walifumua mshono wa mkono wa shati kuanzia kwapani hadi kwenye pindo la kiganja, wakashonea sumaku kumi na mbili pembezoni. Sasa mkono wa shati uliweza kutandazwa mapajani kama kitabu kilichofunguliwa, mtu akaulaza mkono wake juu ya kurasa, kisha akakifunga. Utepe wa kupimia uliwekwa kando. Mdogo mtu alimkunja dada yake kiwiko kwa gazeti lililoviringishwa, akalikaza kwa kamba, na kwenye ngumi akamvalisha soksi iliyojaa mchanga.

"Sasa umefanana na bondia aliyeshindwa."

"Washa saa, acha maneno."

Jaribio la kwanza lilichukua dakika tisa na mchanga ukamwagika. La saba lilichukua dakika nne. Hawakuwahi kufurahia rekodi ya polepole namna hiyo.

Jumapili mchana mlango wa chumba cha Mwalimu ulifungwa tena, na wanawake watatu wakabaki sebuleni wakitega sikio. Kimya. Kisha, ti. Ti. Ti, ti. Mke wa Mwalimu alihesabu kwa vidole. Katikati milio ikakoma. Yule mama akanyoosha mkono kushika kitasa, Fundi akamshika mkono huo kwa upole, akautuliza.

Ti.

Mlango ukafunguka. Mwalimu alisimama na shati lake la samawati, mikono yote miwili imevaa, kola imepanda juu upande mmoja.

"Umeruka hatua moja, Mwalimu," mdogo mtu alisema. "Ningekuwa mimi, ungeninyima maksi mbili."

"Tatu," alijibu Mwalimu, akacheka kwa mdomo uliopinda kidogo. Akazibandua sumaku mwenyewe, akazipanga upya moja baada ya nyingine, mbele yao, bila haraka. Mkewe alijiachia kitini kama mtu aliyetua ndoo baada ya mwendo mrefu.

"Kesho kengele inalia saa moja kamili," Mwalimu alisema. "Sitaki mtu wa kunisindikiza."

"Hatukusindikizi," Fundi alisema. "Sisi tutakuwa tunafungua duka tu."

"Saa kumi na mbili na nusu?"

"Biashara imekuwa ngumu, Mwalimu."

Jumatatu walifungua saa kumi na mbili na robo. Ujumbe kutoka kiwanda cha mikate ulikuwa umeshaingia kwenye simu: "Nimemwacha anakoroma. Shati nimeliweka kitini, sijaligusa." Duka halikufagiliwa. Leo Fundi hakujifunga mkono; yote miwili ilikuwa imeshika miimo ya mlango. Ng'ambo ya barabara wanafunzi walikuwa wakiingia getini wawili wawili.

"Saa moja kasoro dakika kumi na nne," mdogo wake alisoma. "Kasoro kumi na tatu. Umesikia fimbo?"

"Ni jirani anafungua duka lake."

"Na hiyo je?"

Fundi alichungulia nje, akakodoa macho kule kwenye kona, pale ambapo mtu atokaye nyumbani kwa Mwalimu hana budi kupita.