Ndoo Iliyobaki Kwenye Matete

Skolastika alikuwa mwoga tangu utotoni. Aliogopa radi, aliogopa jogoo wa jirani, na siku ya kipaimara alimwogopa askofu hata akajificha nyuma ya tangi la maji la kanisa, wakamtoa kwa kumbembeleza. Bibi yake hakumkemea. "Mwacheni," alisema. "Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio." Kijijini kwao, kwenye vilima vya juu ya Njinjo, watu walicheka kweli, kisha wakamzoea.

Uoga huo ndio uliomfanya akipiganie kijito cha Namakoro. Alipoolewa, kijito kilitiririka mwaka mzima chini ya mikuyu, hatua chache kutoka majikoni. Halafu kila mwenye jembe akasogea ukingoni, huyu na nyanya, yule na mpunga. Mikuyu ikakatwa kwa kosa la kuzinyima nyanya jua. Ufuta ulipopanda bei, vilima navyo vikafyekwa, na Namakoro ikawa kijito cha masika tu. Kiangazi kikiingia, wanawake walishika njia ndefu ya mto Matandu, na Matandu una mamba. Skolastika alimwona shangazi wa mumewe akirudishwa kutoka huko hana mkono.

Basi siku aliyosimama mkutanoni, sauti ikimtetemeka, akasema mashamba yaondoke ukingoni, watu walidhani ametoka semina. Hakutoka semina yoyote. Alikuwa akiuona ule mkono ambao haukuwepo. Alitaka maji yarudi karibu ili asikanyage tena Matandu.

Walimkubalia shingo upande. Mzee Likwata, aliyekuwa na bustani kubwa kuliko wote, aliondoka wa mwisho, akilaani. Wanawake wakapanda miche ya mikuyu. Matete yakaja yenyewe, yakafuatwa na vyura, ndege, hata kambare. Miaka ikapita, na kiangazi kimoja maji hayakukauka. Skolastika, sasa mjane na mwenyekiti wa kamati ya maji, alikuwa akipita ukingoni kila asubuhi kuangalia kama kuna aliyekata mti. Alikuwa amekaza uso. Watu walisahau kwamba ni mwoga, na yeye mwenyewe alianza kusahau.

Kiangazi cha mwaka huu, mbuzi wa Mzee Likwata aliyefungwa karibu na matete hakuonekana. Ilibaki kamba, na kwenye tope mburuzo mpana wa tumbo lililoingia majini. Mamba alikuwa amepanda kutoka Matandu, akiyafuata maji.

Huko vilimani, mnyama mkali akitokea mahali ambapo hakuwapo, watu hawaulizi ametoka wapi. Wanauliza ni wa nani, nani kamtuma. Na nani alikuwa akipita kwenye matete kila siku, peke yake, akarudi mzima?

Mkutano uliitishwa siku ya Jumatano.

"Mamba hapandi mlima bila kuitwa," alisema Mzee Likwata. "Tulipolima nyanya palikuwa na mamba? Tumeondolewa sisi, kaingia yeye. Anayemfuga tunaye hapa hapa."

"Mzee, mkutano wa serikali hauzungumzi mambo ya kufuga mamba," alisema Hussen, mwenyekiti wa kijiji.

"Basi usizungumze," alisema Mzee Likwata, akimnyooshea Skolastika kidole. "Kesho Mama Fortunata akachote maji wa kwanza, tuangalie. Mnyama wa mtu hamgusi mwenyewe."

Bi Somoe, jirani na mtani wa Skolastika, akadakia, "Na akimgusa? Utamwomba radhi akiwa tumboni?"

Wachache walicheka. Skolastika hakucheka. Alikuwa ameuona mtego: akirudi salama, mamba ni wake, akiliwa, si wake. Watu wakakubaliana kwamba Ijumaa, baada ya sala, matete yote yachomwe na mikuyu ikatwe, ili mamba asiwe na pa kujificha. Kuhusu kesho hakuna aliyepitisha neno, lakini kila mmoja alijua kwamba yeye mwenyewe atakuwa ukingoni.

Jioni binti yake Fortunata alifunga nguo kwenye khanga. "Mama, twende Mtama kwa mjomba. Usiku huu huu, kabla hawajatuchomea nyumba."

"Nikiondoka watasema nimekimbia na mamba wangu. Nawe utaolewa wapi na jina hilo?"

"Afadhali nisiolewe. Kwani huogopi?"

Skolastika alitaka kujibu, meno yakagongana. Fortunata akaacha kufunga nguo, akaja kumshika mikono. Ilikuwa ya baridi kama ya mgonjwa wa homa.

Asubuhi ukingo ulijaa watu. Hakuna aliyesalimia kwa sauti. Maji yalikuwa meusi chini ya matete, yametulia. Skolastika alisimama na ndoo yake ya bluu, miguu ikakataa. Bi Somoe akaja, akamfunga khanga kiunoni, ncha ya pili akajizungushia mkononi.

"Akikuvuta, nami nakuvuta," alisema. "Tutaona nani kala ugali zaidi."

"Mtani, usiniachie."

"Nenda."

Akashuka. Tope lilikuwa baridi. Alisikia mtu nyuma akinong'ona dua. Akainama, akaizamisha ndoo. Hapo hapo kitu kikateleza kutoka tawi la mkuyu, kikaanguka majini kwa kishindo pembeni yake.

Alikuwa kenge tu. Lakini Skolastika hakuuliza. Alipiga yowe lililorusha ndege wote wa kijitoni, akaitupa ndoo, akapanda ukingo kwa mikono na miguu, akampita Bi Somoe, akamrukia mtu wa kwanza aliyesimama mbele yake na kumng'ang'ania shingoni. Alikuwa Mzee Likwata. Wakaanguka wote wawili. Alipoinuka, khanga yake ilikuwa imelowa mbele, na si kwa maji ya kijito.

Kisha ukingo mzima ukaangua kicheko.

"Jamani! Kamkojolea mzee wa watu!"

Mzee Likwata alijipangusa kanzu, akamtazama Skolastika aliyekuwa akilia na kutetemeka kama kifaranga aliyenyeshewa. "Huyu," alisema taratibu, "hawezi kufuga hata bata."

Kicheko kilizidi, kikakatika ghafla. Fortunata alikuwa amenyoosha kidole. Karibu na ndoo iliyoelea, kulikuwa na macho mawili juu ya maji. Yaliwatazama watu wote sawasawa, hayakumchagua mtu. Kisha yakazama, na ndoo ikazunguka polepole, ingawa upepo haukuwepo.

Watu wakarudi nyuma, wamekumbatiana. Kijana mmoja akasema kwa sauti kavu, "Tuchome leo leo."

"Mkichoma," alisema Skolastika, akiishika khanga iliyolowa, "maji yatakauka. Tutarudi Matandu. Huyu ni mmoja, nami nimeshindwa kusimama. Kule wako wangapi?"

Wanawake walitazamana, kila mmoja akiikumbuka njia ile.

Ijumaa matete hayakuchomwa. Wanaume walikata miti migumu mbali na kijito, wakaisimika majini kwa duara, imebanana, ikawa uzio wa kuchotea ndani yake. Mzee Likwata alileta miti ya kwanza. Hakuomba radhi, alisema tu ifungwe vizuri, kwa sababu mamba ana subira kuliko wao.

Watu wa idara ya wanyamapori waliarifiwa, wakaahidi kuja. Wanawake wanachota wawili wawili, mmoja akiinama, mwenzake akiyatazama maji. Hawamwiti mamba kwa jina, wanasema "mgeni". Skolastika huingia wa mwisho, hutoka wa kwanza, na Bi Somoe humcheka kila siku, akiishika ile khanga.

Ndoo ya bluu bado imo kwenye matete, ng'ambo ya uzio. Hakuna aliyejitolea kuifuata. Asubuhi, kabla hajakanyaga maji, Skolastika huitafuta kwanza kwa macho. Siku nyingine huiona imetulia. Siku nyingine huikuta imehama.