Anga la Pinki Lililomkasirisha Leendert

Leendert Kooiman alikuwa na adui mmoja tu maishani, na adui huyo alilima nyanya. Miaka yote aliyofanya kazi ya kufungua na kufunga daraja la mfereji hakugombana na mtu. Alipostaafu, Huib, jirani wa ng'ambo ya malisho, akajenga mabanda ya vioo, akayajaza taa za kukuzia nyanya, na tangu hapo kila majira ya baridi anga la kijiji likawa pinki usiku kucha. Leendert alilalamika manispaa mpaka makarani wakamjua kwa kikohozi. Mwishowe akatundika mapazia meusi mazito chumbani, akamkataza mkewe Neeltje kuyafungua.

"Tutaishi kama popo," Neeltje alisema.

"Popo wanalala vizuri."

Na huyu huyu aliyechukia mwanga wa usiku alikuwa amempeleka Neeltje mara mbili kaskazini mwa Norwei, kwenye baridi ya kukata masikio, kutazama mianga ya kaskazini, ile ya kijani na nyekundu inayocheza yenyewe angani usiku. Safari ya kwanza mawingu, ya pili mvua; hawakuiona.

Basi usiku mmoja wa Mei akatoka kumwita paka, akakuta anga limeiva pinki. Mei! Wakati Huib alikuwa ameahidi mbele ya watu kwamba taa zitazimwa hadi vuli. Leendert akavaa koti juu ya pajama, akarukia baiskeli.

Alimkuta Huib na mkewe wamesimama barabarani, macho juu.

"Unaona ulichofanya?" Leendert akafoka. "Na bado unajivunia!"

"Mzee Leendert, hebu tazama..."

"Nimetazama miaka sita! Zima!"

"Nizime nini? Mabanda yangu si hayo hapo, giza totoro? Geuka nyuma, mzee wangu."

"Sigeuki ng'o! Nikigeuka utakimbilia ndani kama mwaka jana."

Mke wa Huib ndiye aliyemshika mabega, akamgeuza. Juu ya malisho kulining'inia mikunjo ya mwanga wa kijani na nyekundu, ikipepea polepole bila sauti yoyote. Leendert akatazama. Machozi yakamlenga. Alisahau hata kukishusha kidole alichokuwa akimnyooshea Huib.

"Na hizi nazo ni zangu?" Huib akauliza.

"Nyamaza wewe," Leendert akasema, kwa upole. Halafu akashtuka. "Mungu wangu, Neeltje!"

Akapiga simu. Haikupokelewa. Neeltje alikuwa amevua vifaa vyake vya kusikia, amelala fofofo nyuma ya mapazia ya mumewe. Leendert akakanyaga baiskeli mpaka roho ikataka kumtoka. Alipomfikisha uani, amejifunga blanketi, kilichobaki ni wekundu hafifu ukingoni mwa anga.

Neeltje akautazama.

"Umeniamshia taa za Huib?"

Leendert akamweleza yote. Mama wa watu alirudi kulala, na asubuhi akayashusha mapazia, akayakatakata matambara ya kufutia baiskeli.

Majira ya baridi yalipofika alikwenda Norwei na dada yake. Leendert hakualikwa. Theluji iliwaangukia wiki nzima; Neeltje akarudi na sweta na mafua. Mumewe jioni hizo alizimalizia kwa Huib, akinywa kahawa chini ya taa za nyanya. Huko, alidai, angalau kuna joto.